Nguo 61 kabatini, navaa 9 tu, na zote nyeusi. Nina miaka 47, nini kilinitokea?

KabatiWazi (mleta uzi)
Habari zenu wadau. Mtoto wangu wa mwisho amehamia chuoni, nyumba imekuwa kimya, na Jumamosi iliyopita nilitoa kila kilichomo kabatini nikakitandaza kitandani. Nikahesabu nguo 61, bila sidiria na za kulalia. Kisha nikatenga zile nilizozivaa ndani ya miezi mitatu. Zikawa 9. Zote nyeusi.

Nilikaa pembeni ya kitanda karibu nusu saa. Shuleni waliniita Kipepeo kwa kupenda rangi. Kuna gauni la kijani nililolishonesha nikiwa na miaka 39. Nililipenda kiasi kwamba mshono wa kwapa ulipoachia niliuziba kwa mkono nikaendelea kulivaa. Sijaligusa tangu nikiwa na 42. Na uzito wangu haujapanda hata kilo 2, kwa hiyo siwezi kusingizia unene.

Katika miaka hiyohiyo nilipandishwa cheo nikawa mkuu wa kitengo, nilitengana na mume wangu, nilianza kutokwa jasho la ghafla, na niliacha kwaya. Kipi kilitangulia kipi, sikumbuki. Sasa nimeomba kazi ya aina nyingine kabisa, majibu ni mwezi ujao. Naogopa kumbeba huyu mwanamke wa nguo nyeusi kwenda naye kule bila kujua alitoka wapi.

Kwenu ilikuwaje? Ni mwili, ni kazi, ni moyo, au ni umri tu? Msinifariji, nielezeni.

Tausi
Pole dada. Ni moyo huo. Mimi niliachika nikiwa na 44 na nikavaa kijivu miaka miwili mizima bila kujua. Hakuna aliyeniambia. Siku nimepanga nyumba yangu mwenyewe na nimelala ndani ya kuta ambazo hakuna mtu wa kuninunia, asubuhi yake nilitoka na blauzi nyekundu. Mtu aliyeumizwa anapunguza sauti, na rangi ni sauti pia.

MezaNdefu
Tausi, kwangu ndoa ipo salama salimini na bado nilihamia kwenye nyeusi. Ilikuwa kazi. Nilipoanza kuongoza vikao nilikuwa na miaka 43, mwanamke peke yangu mezani. Nikivaa manjano, maneno ya kwanza kabla ya kikao yalikuwa kuhusu gauni langu. Nikivaa nyeusi, walifungua taarifa niliyowaletea wakasoma. Nilifanya uamuzi nikiwa na akili timamu: leo nataka wasikie hesabu. Tatizo ni kwamba uamuzi wa siku za kikao ukahamia Jumapili, ukahamia sikukuu, ukahamia hata safarini. Angalia cheo chako kilikuja lini, mleta uzi.

NesiWaZamu
Kabla hamjafika moyoni, naomba tupite kwenye jasho, maana amelitaja halafu wote mmeliruka.

Kuanzia miaka ya arobaini, estrojeni, homoni ya kike, huanza kupanda na kushuka bila mpangilio. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: joto likizidi kidogo tu, mishipa ya ngozi inafunguka, uso unawaka, jasho linakutoka kifuani na mgongoni. Sasa chukua kitambaa cha kijani, kijivu au bluu ya mbingu ukidondoshee maji: doa linaonekana upande wa pili wa chumba. Nyeusi inalificha. Nimehudumia wanawake wengi walioacha rangi hizo miaka miwili au mitatu kabla hawajajua kwamba safari ya kukoma hedhi imeshaanza. Mkono ulishajua kipi cha kuchukua kabatini, wao wakadhani ladha yao imebadilika.

Kwa wasiojua: wastani wa kukoma hedhi ni kama miaka 51, na inahesabika imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona siku. Lakini dalili huanza mapema. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani ulikuta kwamba miongoni mwa wanawake wenye joto la ghafla la mara kwa mara, nusu walikaa nalo zaidi ya miaka 7. Si jambo la kuvumilia kimya. Tiba zipo, muone daktari azipime na historia yako.

FundiSindano
Gauni la kijani lilikuwa kitambaa gani, dada? Na lilikatwaje?

KabatiWazi
@FundiSindano poliesta yenye mng'ao, limekatwa mshazari, mkono mfupi, zipu mgongoni.
@NesiWaZamu umenishtua. Jasho lilianza nikiwa na 42 au 41. Sikuwahi kuliunganisha na kabati.

FundiSindano
Poliesta! Basi Nesi kashinda nusu ya kesi. Poliesta hainywi unyevu: katika hali ya kawaida ya hewa inashika kama asilimia 0.4 tu ya uzito wake, pamba inashika kama 8, kitani kama 12. Jasho likikutoka ndani ya lile gauni halina pa kwenda, linabaki katikati ya ngozi na kitambaa.

Nusu ya pili ni yangu. Unasema uzito haukubadilika. Naamini. Lakini mimi napima watu kwa futi, sipimi kwa mizani, na nakwambia mwanamke wa 47 mwenye kilo zilezile za 39 hana umbo lilelile. Kifua kinashuka, kwa hiyo ile mikunjo iliyoshonwa kukipa nafasi inabaki juu, inachongoka mahali hapana kitu. Mabega yanasogea mbele kidogo, mgongo unahitaji upana zaidi, na kwapa linaanza kubana hata kama kiuno kinalegea. Mafuta yanahama kutoka nyongani kwenda tumboni. Kumbuka ulisema mshono wa kwapa uliachia. Hapo ndipo gauni lilipokuwa likikwambia!

Nyeusi inaficha mishono iliyokaa vibaya. Nguo ya rangi ikikosewa sentimita 2 kila mtu anaona mkunjo. Nyeusi hawaoni. Kwa maoni yangu wanawake wengi hawakuhamia kwenye nyeusi kwa huzuni, walikimbia nguo zisizowakaa.

Mpitanjia
Fundi, nguo za michezo si poliesta zile? Mbona wanakimbilia nazo na wanatoka jasho ndoo nzima?

FundiSindano
Swali zuri, nilipaswa kufafanua. Zile hufumwa kwa namna ya kuvuta jasho kutoka kwenye ngozi na kulisambaza upande wa nje likauke haraka. Ni ufumaji unaofanya kazi. Gauni la mng'ao limefumwa kwa kubana, hewa haipiti. Na niongeze dhidi ya upande wangu mwenyewe: pamba inanywa jasho lakini inachelewa kukauka, kwa hiyo mwenye fukuto la usiku anaweza kuamka na baridi ndani ya pamba iliyolowa. Hakuna kitambaa kimoja cha kila mtu.

Tausi
Yaani mtu anatengana na mume aliyeishi naye miaka yote hiyo, nyie mnamletea asilimia za unyevu. Haya.

NesiWaZamu
Tausi mdogo wangu, moyo na jasho vinaishi kwenye mwili mmoja. Sijakupinga.

Shangazi63
Hamjambo wanangu. Nina miaka 63 na nimesoma hapo juu nikashangaa kitu kimoja: kila mtu anaifanya nyeusi ugonjwa wa kutafutiwa chanzo. Mimi navaa nyeusi tangu nikiwa na 50 kwa sababu ni nzuri. Coco Chanel, yule mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, ndiye aliyemfundisha mwanamke kwamba nyeusi ni umaridadi, mwaka 1926, kabla yake ilikuwa ya wafiwa na watumishi. Na alirudi kwenye ushonaji akiwa na miaka 71 baada ya kufunga duka kwa sababu ya vita. Mwenye 47 analia nini?

KalamuNyekundu
Shikamoo Shangazi. Naomba kurekebisha mawili kwa heshima.

Moja, aliporudi alikuwa na miaka 70. Alizaliwa Agosti 1883 na maonyesho yake ya kurudi yalikuwa Februari 1954.

Mbili, gauni jeusi la 1926 ni kweli, jarida la mitindo la Vogue lilichapisha mchoro wake mwaka huo. Lakini nyeusi ilikuwa ya wakubwa karne nyingi kabla yake. Katika karne ya 16 mfalme Philip II wa Hispania na watu wa baraza lake walivaa nyeusi, na ilikuwa rangi ya fedha nyingi, kwa sababu nyeusi iliyokolea bila kuchuja ilikuwa ngumu kuipata. Mti wa kutengenezea rangi hiyo ulisafirishwa kutoka Amerika ya Kati kuvuka bahari. Kwa upande wa pili, Malkia Victoria alivaa nyeusi tangu alipofiwa na mumewe 1861 mpaka alipokufa 1901, miaka 39, kwa msiba. Rangi moja, maana mbili kabisa. Ndiyo maana haitoshi kumwangalia mtu kabatini ukajua kilichomo moyoni.

Shangazi63
Marahaba mwanangu. Sabini basi. Hoja yangu imezidi kupata nguvu.

MezaNdefu
KalamuNyekundu umenipa silaha, Philip II alikuwa anaongoza vikao kama mimi.

BabaMapacha
Samahanini, naingia kwenye uzi wa akina mama lakini nina jambo linalonikosesha usingizi. Mke wangu ana 49. Ndani ya miezi minne amekata nywele akaziacha fupi sana, ameanza kuvaa suruali ambazo hakuwahi kuzivaa tangu tuoane, na amejiandikisha kwenye mazoezi ya kuinua vyuma. Viatu vya mchuchumio vyote kavigawa. Mtu akibadilika hivi kwa mpigo, si anajiandaa kuondoka? Nimesoma kwamba ni kitu cha kisayansi, mtihani wa umri wa kati.

Tausi
Shemeji, umemuuliza?

BabaMapacha
Bado.

Tausi
Umekuja kuuliza wanawake ambao hujawahi kuwaona, ukaacha kumuuliza unayelala naye. Funga simu nenda sebuleni!

KalamuNyekundu
BabaMapacha, huo "mtihani wa umri wa kati" jina lake lilianza na makala ya mwaka 1965 ya mtaalamu wa nafsi Elliott Jaques, raia wa Kanada. Alitazama maisha ya wasanii na watunzi mashuhuri, karibu wote wanaume, akaona wengi wanatikisika wakikaribia miaka 40. Haikuwa hesabu ya watu wa kawaida na haikuwa ya wanawake. Baadaye wachumi Blanchflower na Oswald walichapisha mwaka 2008 takwimu za nchi nyingi zilizoonyesha furaha ikishuka hadi katikati ya miaka ya arobaini kisha ikipanda tena, na bado wenzao wanabishana nao. Kwa hiyo usimhukumu mkeo kwa jina la makala.

NesiWaZamu
Niongezee kwenye vyuma: estrojeni ikipungua, mifupa hupoteza uzito haraka katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, na misuli nayo inapungua. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Mkeo anafanya kitu sahihi kabisa. Mpongeze.

Na viatu: mguu hubadilika. Kano zinalegea, upinde wa unyayo unashuka, mguu unarefuka na kupanuka. Mwanamke aliyevaa namba 38 miaka ishirini anajikuta 39 na anadhani watengenezaji ndio walioharibu. Nunueni viatu jioni, mguu ukiwa umeshavimba wa siku nzima.

Upepo29
Mimi nina miaka 29, nimeweka kambi hapa tangu jana. Mnatisha kidogo lakini ni afadhali nijue mapema. Je, kuna la kujiandaa?

Shangazi63
Mwanangu, ishi miaka yako. Ila weka kando nguo mbili unazozipenda sana, andika kwenye karatasi kwa nini unazipenda, uitie mfukoni mwake. Mimi nilisahau kwa nini nilipenda vitu vyangu, nikabaki navyo kama mali ya mtu mwingine.

Mnyamavu
Nimesoma tangu mwanzo na sikutaka kuandika, lakini maelezo yangu hayamo kwenye orodha yenu.

Sikuachika. Sikupata cheo. Jasho lilikuja baadaye. Nilikuwa na mama mgonjwa miaka sita, kuanzia nikiwa na 40. Unaamka saa kumi usiku kumgeuza, unamwosha, dawa inamwagika, unamshika anapotapika, halafu saa mbili unatakiwa kazini. Nguo inayotakiwa ni ile inayofulika kwa maji ya moto, isiyohitaji pasi, isiyo na kifungo cha kumkwaruza, isiyoonyesha doa. Nilinunua fulana nyeusi saba na suruali nyeusi nne, na kwa miaka sita sikusimama hata mara moja mbele ya kabati nikafikiria. Ilikuwa nafuu. Sikuwa na nafasi kichwani ya kuchagua kitu kingine chochote, maamuzi yote yalikuwa yake: dawa ipi, hospitali ipi, nani analala naye leo.

Alipofariki nilikuwa na 46. Watu waliniambia sasa pumzika, jipendeze. Nikaingia dukani nikasimama mbele ya nguo za rangi, nikagundua kwamba sijui napenda rangi gani. Si kwamba niliogopa. Sikujua. Kama mtu aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa darasa la pili. Nilitoka bila kitu nikalia kwenye gari.

Kwa hiyo mleta uzi, labda hukujificha popote. Labda ulichoka kuchagua. Watoto, kitengo, mume anayeondoka, hayo yote ni maamuzi. Kabati ndilo pekee lililokubali kunyamaza.

KabatiWazi
Mnyamavu, nimesoma mara tatu. Asante. Sina cha kuongeza sasa hivi.

MezaNdefu
Pole sana Mnyamavu. Rangi uliijua tena?

Mnyamavu
Polepole. Nilianza na vitu vya ndani ya nyumba ambavyo hakuna anayeviona. Shuka, taulo, soksi. Nikaona kila nikifua nachukua taulo ya rangi ya machungwa iliyofifia kwanza. Sikuipanga. Nikanunua skafu ya rangi hiyo. Sasa nina vitu vinne. Mwaka na nusu umepita.

Lulu_ya_Pili
Samahani niwatoe kwenye nguo kidogo. Hakuna aliyegusa nywele. Mleta uzi, unapaka piko? Nauliza kwa sababu nilipaka nyeusi tititi tangu 38, na kadiri ngozi yangu ilivyobadilika uso ulizidi kuonekana umechoka. Nguo za rangi zikawa zinanigombeza, nyeusi pekee ndiyo iliyoelewana na nywele. Nilipoacha mvi zitoke, rangi zikarudi zenyewe: bluu, zambarau, nyeupe. Huenda tatizo lipo kichwani, si mwilini. Na ni kawaida, nusu ya watu wakifika 50 wana nusu ya kichwa mvi.

KalamuNyekundu
Lulu, hiyo kanuni ya hamsini hamsini inarudiwa kila mahali lakini ilipopimwa haikusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliochukua watu wa sehemu mbalimbali za dunia, ulikuta wenye nusu ya kichwa mvi wakiwa na 50 ni kati ya asilimia 6 na 23. Inategemea sana asili ya mtu na nywele zake.

Lulu_ya_Pili
Sawa mwalimu. Lakini hoja ya rangi karibu na uso bado ni yangu.

Tausi
Kuacha mvi kulikuchukua muda gani Lulu? Mimi nataka lakini ile mistari miwili katikati inanitia hofu.

Lulu_ya_Pili
Nywele hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, zaidi kidogo kwa wengine. Zangu zilifika mabegani, ningengoja zaidi ya miaka miwili. Nilizikata fupi na ikaisha ndani ya miezi mitano. Wiki ya kwanza kazini hakuna aliyenizungumzia kitu, wote walizungumza na kiatu changu. Wiki ya tatu dada mmoja wa mapokezi akaniuliza kwa sauti ya chini, "uliwezaje?"

BabaMapacha
Nimerudi. Nimemuuliza.

Nywele zilikuwa zinanyonyoka. Kwenye kuoga, kwenye mto, kwenye kitana. Amezikata kwa sababu hakutaka niziokote. Vyuma ni kwa sababu mama yake alivunjika nyonga. Suruali ni kwa sababu ya vyuma. Nilikuwa na hadithi nzima kichwani na hakuna hata kipande kilichokuwa kweli. Tumezungumza mpaka saa nane usiku. Asante Tausi, ulinifokea vizuri.

Tausi
Karibu shemeji. Sasa mwambie nywele fupi zinampendeza, kama zinampendeza.

BabaMapacha
Zinampendeza. Nilikuwa nimeogopa mno hata sikuona.

NesiWaZamu
Apime pia damu na tezi ya shingo, BabaMapacha. Nywele kunyonyoka kuna sababu nyingi, si homoni za umri tu.

Mpitanjia
Hakuna anayetaka kusema la fedha? Hapo kati ya 40 na 50 ndipo ada za vyuo na matibabu ya wazazi hugongana. Mimi nilivaa nyeusi kwa kuwa suruali moja nyeusi inakwenda na blauzi zote, na hakuna anayejua nimeirudia mara nne wiki hii. Nyekundu wanaikumbuka. Sina simulizi ya moyo wala ya jasho. Nilikuwa napiga hesabu.

FundiSindano
Hiyo nayo naikubali. Wateja wangu wengi wananiambia hivyohivyo.

KabatiWazi
Wadau, nimefanya kazi ya nyumbani mliyonipa. Naandika kwa mafungu maana ni mengi.

Nililivaa gauni la kijani mchana, mbele ya dirisha. Fundi, ulikuwa sahihi kwa kila sentensi. Kifuani ile mikunjo inaishia juu kabisa, kwapa linabana, na mgongo unavuta nikinyoosha mikono. Kiuno kiko sawa. Nilikuwa nimejihukumu kwa kosa la sentimita chache.

Pili, katika zile 9 nilizosema ni nyeusi, tatu ni bluu iliyoiva. Nimezigundua nilipozipeleka kwenye mwanga wa jua.

NesiWaZamu
Hilo nalo ni la umri. Kuanzia katikati ya maisha lenzi ya jicho huanza kuwa ya manjano kidogo kidogo na mwanga unaoingia unapungua, kwa hiyo bluu nzito na nyeusi zinafanana ndani ya chumba. Pangeni nguo zenu dirishani.

KabatiWazi
Naendelea. Tatu, nilitafuta picha za zamani ili nijue tarehe. Siku yangu ya kwanza ya ukuu wa kitengo nina koti jeusi na sketi nyeusi, nina miaka 41. Tulitengana nikiwa na 43. Kwa hiyo MezaNdefu, cheo kilitangulia, na Tausi, samahani, moyo ulikuja nyuma.

Tausi
Usiniombe samahani. Nikuulize: kwenye picha hiyo ya 41, nani aliipiga, na mume wako yuko wapi?

KabatiWazi
Aliipiga mwanangu. Yeye hakuja. Alisema ana kazi.

Tausi
Basi. Talaka ya karatasi ina tarehe. Ile nyingine haina.

MezaNdefu
Tausi, siku hiyo alikwenda kuongoza watu wazima kwa mara ya kwanza maishani mwake. Angevaa nini? Usimpe huyo mwanaume mamlaka hata juu ya koti.

Tausi
Simpi yeye. Nampa mleta uzi haki ya kuwa aliumia mapema kuliko alivyokiri.

Mnyamavu
Mnaweza kuwa sawa wote wawili na bado kukawa na la tatu. Mleta uzi, kwaya uliiacha lini?

KabatiWazi
Swali hilo nimelikwepa tangu mwanzo. Niliiacha nikiwa na 40, kabla ya yote. Jukwaani tulivaa rangi, kila msimu tunachagua, na mimi ndiye niliyekuwa nachagua. Niliacha kwa sababu mazoezi yaliangukia muda wa kuwasaidia watoto masomo, nikajiambia ni mwaka mmoja. Sijui kama hilo ndilo jibu. Ninachojua ni kwamba nilipoandika uzi nililiweka mwisho wa orodha kama kitu kidogo.

Shangazi63
Kwaya bado ipo?

KabatiWazi
Ipo Shangazi. Wanaimba Alhamisi jioni.

Upepo29
Na ile kazi uliyoomba?

KabatiWazi
Bado majibu. Wakiniita kwenye usaili, sijaamua nitavaa nini.

MezaNdefu
Nyeusi kwa usaili. Rangi ukishapata mkataba.

Lulu_ya_Pili
Hapana jamani! Akiingia na nyeusi watamwajiri yuleyule aliyetaka kumwacha.

Mpitanjia
Avae zile za bluu iliyoiva, tatu zipo tayari, hazimgharimu kitu.

KabatiWazi
Fundi, gauni la kijani linaweza kuokolewa? Nimeangalia ndani, kwenye mishono ya ubavuni kuna akiba ya kama sentimita 1.5 kila upande. Na lile tatizo la poliesta je?

FundiSindano
Linaokoleka. Kwapa tunafumua mshono wa ubavu kuanzia juu, tunatumia akiba yote hadi chini ya kifua, kiuno hatukigusi. Mikunjo ya kifua tunaifumua tuishushe. Limekatwa mshazari, kwa hiyo lining'inize siku nzima kabla ya kulipima, kitambaa cha mshazari hujivuta chenyewe na pindo linaweza kuwa halijakaa sawa. Poliesta siwezi kuibadilisha, ila mkono tunaweza kuutoa kabisa na kulifungua shingo nyuma, hewa ipite. Usikate chochote mwenyewe. Nipe vipimo vitatu: mgongo kutoka kwapa hadi kwapa, kifua, na kutoka bega hadi ncha ya ziwa ukiwa umevaa sidiria utakayoivaa nalo. Upimwe na mtu mwingine, umesimama unavyosimama siku zote, usijinyooshe kwa ajili ya futi.

KabatiWazi
Mgongo 37. Kifua 98. Bega hadi ncha 28 na nusu, zamani niliandikiwa 26. Amenipima jirani yangu, naye ana 52, na sasa amekaa kitandani kwangu anazihesabu za kwake kwa kichwa.